Mpira wa Pete: Maneno kwa Wanaoanza



Nimeombwa niseme juu ya mpira wa pete, nami naona haya kidogo, maana mimi ni mwanamume tena ni karani, wala sijapata kuucheza katika mashindano yo yote. Nimeombwa kwa sababu mwaka jana, siku tuliyowakaribisha wageni na mwamuzi asitokee, nilipewa filimbi nikauchezesha mchezo mzima kwa kukisia. Yaliyotokea siku ile ndiyo yaliyonipeleka kuzisoma kanuni. Nitayaeleza kila yatakapofika mahali pake.

Wengi hudhani ya kuwa huu ni mpira wa kikapu uliopunguzwa makali. Asili ni moja, ni kweli. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith huko Marekani mwaka 1891. Haikupita miaka kumi, walimu wa kike wa mazoezi ya mwili huko Uingereza wakaugeuza ukawa mchezo mwingine, na mwaka 1901 kanuni zake zikapigwa chapa. Walimu wakauchukua hata nchi za mbali, ukakaa katika shule za wasichana, na ndiyo sababu mama zetu wengi waujua kuliko sisi. Walakini kila nchi ilicheza kwa desturi yake mpaka mwaka 1960, wajumbe walipokutana Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, wakapatana juu ya kanuni za pamoja. Tangu hapo zimerekebishwa mara nyingi, lakini shina ni lile lile.

Uwanja ni mita 30.5 kwa urefu na mita 15.25 kwa upana, nao umekatwa kwa mistari miwili ukawa theluthi tatu zilizo sawa. Kila mwisho pana nusu duara ya mita 4.9, na hapo husimama mlingoti wa mita 3.05 wenye pete juu yake. Nyuma ya pete hapana ubao. Mfungaji wa kikapu hugongesha mpira ubaoni ukaingia. Huyu wetu hana pa kugongesha, sharti aupandishe juu ili ushuke wenyewe katika pete. Upepo wa kusi uvumapo mnajua ilivyo katika viwanja vyetu vilivyo karibu na bahari.

Wachezaji ni saba kila upande, na kila mmoja huvaa herufi kifuani na mgongoni. Herufi ni za majina ya Kiingereza, lakini msizihofu. Zifikirini kama meza za ofisini: mtu wa masjala hakai penye fedha, wala mtunza fedha hafungui mafaili ya masjala. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, tena wakiwa ndani ya nusu duara. GS hukaa theluthi ya kushambulia peke yake. GA aweza kurudi hata theluthi ya katikati. Wanaowakabili ni GK na GD, kwa mpango huo huo upande wa kulinda. WA na WD huwasaidia, kila mmoja katika theluthi mbili, lakini hawaingii nusu duara. C huenda po pote isipokuwa katika nusu duara zote mbili; herufi hiyo mpeni mwenye pumzi. Mchezaji akikanyaga ardhi isiyo yake ni kosa, hata kama hana mpira. Aweza kuunyoshea mkono mpira ulio hewani ng'ambo ya mstari, maadamu hagusi ardhi ya huko.

Mchezo huanzwa na C akiwa katika duara dogo la katikati. Filimbi ikilia, sharti autoe mpira kabla sekunde tatu hazijapita. Na hapa nilikosa. Mimi ni mtu wa kandanda. Kila bao lilipofungwa niliupa mpira upande uliofungwa. Sivyo. Pande mbili huanza kwa zamu, mmoja kisha mwingine, hata bao liwe la nani. Nahodha wa wageni alinijia kwa adabu akaniambia, “Kaka, zamu ni yetu.” Nikamjibu mbele ya watu wote ya kwamba mwenye filimbi ni mimi. Walishinda kwa mabao manne juu ya hayo, wala kushinda kwao hakuniondolei aibu.

Sasa nafika penye miguu, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini.

Mpira haudundwi ukaendelea kukimbia nao. Naona mabwana wa kikapu huko nyuma wanatikisa vichwa. Ukiupokea hali u hewani, mguu utakaotangulia kugusa ardhi ndio mguu wa kutua. Ule wa pili waweza kuutembeza utakako, na kuzunguka juu ya ule wa kwanza. Waweza hata kuuinua ule wa kwanza, lakini mpira uwe umekutoka mkononi kabla mguu haujarudi chini. Ukitua kwa miguu miwili pamoja, wachagua mmoja. Kuruka kwa mguu mmoja, au kuuburuta ule wa kutua, ni kosa. Na hayo yote ndani ya sekunde tatu zile zile.

Sisi wa Mikindani, Msimbati, Msanga Mkuu na vijiji vya mlangoni mwa Ruvuma tumelelewa mchangani. Mchanga humstahi mtu: mguu huzama, huteleza kidogo, na goti halioni taabu. Binti zetu wa ofisi walifanya mazoezi yao huko, jioni tano tu, tena ya kufunga mabao peke yake. Kisha tukawapeleka katika uwanja wa saruji. Kiatu hushika saruji kikanata. Mguu hubaki pale pale na mwili bado wageuka, na kinachokatika ni kilicho katikati, yaani goti. Nami kwa kuwa sikupiga filimbi kwa makosa ya miguu, wakazidi kukimbia na mpira na kusimama ghafula. Katika robo ya tatu mwenzetu mmoja alitua kwa mguu mmoja huku akigeuka. Hata leo hushuka ngazi za ofisi kwa upande, akishika ukuta. Hakuna aliyemfundisha kutua: magoti yakunjwe, miguu miwili ikiwezekana, mwili utulie kwanza ndipo ugeuke.

Mwaka 2021 michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilifanyika hapa hapa Mtwara. Nilitazama siku mbili. Watoto wa shule za msingi walitua kama niliyoyaeleza, bila kukumbushwa. Na jirani zetu wa Uganda walishika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia huko Cape Town mwaka 2023. Basi si jambo la kimo wala la damu.

Kanuni zilizosalia ni chepesi. Anayemzuia mwenye mpira asimame umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wake wa kutua, ndipo ainue mikono. Kusukumana hapana, aliyekosa husimama kando, asishiriki mpaka mpira umtoke mwenzake. Mpira haurushwi kupita theluthi nzima bila kuguswa humo. Mchezo ni robo nne za dakika 15.

Katika michezo ya SHIMIWI watumishi wa wizara na idara hushindana mpira huu, na wako wenzetu hapa watakao kwenda huko. Sina neno. Ila naomba kwanza tuwe na miezi miwili kamili, na majuma mawili ya mwanzo yasiguse pete kabisa, yawe ya kutua tu, juu ya saruji, kwa viatu vya mpira. Tutaanza Jumamosi ijayo saa kumi alasiri. Mabwana nao nahitaji wanne wa kujifunza filimbi, maana kila mchezo una waamuzi wawili, nami sitaki kuachiwa peke yangu tena.

Wa kutufundisha amepatikana. Ni yule nahodha wa wageni. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, na katika majibu yake aliuliza kwanza hali ya goti la mwenzetu, kisha akasema atakuja.