Mazoezi Yenye Furaha

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Wenzetu wamekwisha kusema habari za pamba, za mizani na za hesabu. Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa nafasi kueleza habari ya mali nyingine isiyopimwa ghalani, nayo ni afya ya wanachama. Ghala laweza kujaa tele, lakini mwenye pamba akilala kitandani, faida yake yote huishia kwenye dawa.

Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu zamani yalidhaniwa kuwa ya watu wa mjini. Leo yamo vijijini mwetu. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo ni kukaa mno. Karani hukaa mezani tangu asubuhi hata jioni, dereva hukaa garini, nasi viongozi hukaa vikaoni. Hata mkulima, ambaye baba yake alikwenda gulioni kwa miguu, leo hupanda pikipiki kwenda duka la jirani. Misuli ifanyapo kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Ikikaa bure, sukari ile huzidi kubaki damuni. Moyo nao, kama ng'ombe wa jembe, hupata nguvu kwa kuzoezwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kila mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kuushughulisha mwili kwa kiasi, yaani mpaka pumzi iende kasi lakini mtu aweze bado kuzungumza. Tena, angalau siku 2 katika juma, afanye kazi ya kutia misuli nguvu. Mkulima atajibu, "Jembe langu latosha." Asema kweli, maana wakati wa kulima na kupalilia hutimiza hayo na kuzidi. Lakini jembe lina msimu wake. Pamba ikisha kuuzwa, wengi wetu huhamia kivulini, na miezi hupita.

Basi tufanye nini? Wako walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, wakaanza kukimbia alfajiri peke yao, na baada ya majuma mawili wakaacha. Hatuwalaumu. Jambo lifanywalo kama adhabu halidumu; lidumulo ni lile ambalo mtu huona hasara kulikosa. Haya wazee wetu waliyajua. Huku Usukumani watu walilima kwa vikundi, ngoma ikiwapigia mwendo, na majembe yakashuka pamoja. Kutokana na kazi hiyo tuna ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka huku wakiinama na kuinuka. Anayeicheza kwa nusu saa ameushughulisha mwili wote, moyo, magoti, mgongo na mikono, wala hakuhesabu dakika. Na mashindano ya Bagika na Bagalu, yafanywayo baada ya mavuno, yatuonyesha jambo jingine: mtu hujitahidi zaidi akiwa na wenzake, na watazamaji wakimshangilia. Mcheza kwao hutunzwa.

Asiyependa ngoma ana njia nyingine. Vijana wana mpira wa miguu na netiboli, na watu wazima nao wakicheza wao kwa wao, bila haraka, hakuna atakayewacheka. Kutembea hakuhitaji fedha. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na watu wakafuatana naye. Sisi hatuombi safari ndefu kama hiyo. Twaomba karani amfuate mwenzake waende kazini kwa miguu, wakizungumza. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, aanze pole pole, na kwanza amwone daktari.

Hapa tuna neno kwa wanaume. Mama zetu na wake zetu huteka maji, huchanja kuni na hulima. Hawakupungukiwa na kazi. Walichopungukiwa ni nafasi ya kufurahi. Siku ya ngoma ikifika, baba ashike ndoo ili mama apate kwenda kucheza. Ndoo nayo ni mazoezi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, baada ya kila msimu wa ununuzi, viwanja vya maghala ya Vyama vya Msingi vifunguliwe jioni mbili kwa juma kwa ngoma na michezo, kwa wazee na vijana, wanawake na wanaume. La pili, kila kikao kinachozidi saa moja kisimame kidogo, wajumbe wanyoshe miguu nje. Gharama yake ni ndogo. Ngoma tunazo, viwanja tunavyo, na watu ndio sisi.

Miaka 10 iliyopita tulikubali kwamba mzigo ukibebwa na wengi huwa mwepesi. Jasho nalo lina kanuni hiyo hiyo. Twawatakia wanachama wote afya njema na mavuno mema.