Utabiri wa Bahari na Saa ya Kung'oa Nanga: Mfano wa Ghuba ya Chole, Mafia

Mada kwa semina ya manahodha, wamiliki wa vyombo vidogo na waongozaji wa wageni



Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa bahari kila siku, na hali inapotishia hutoa tahadhari zenye rangi zake: njano, chungwa na nyekundu. Taarifa hizo zinatufikia. Zinasomwa redioni, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zinabandikwa bandarini. Shida ninayotaka tuizungumze leo inaanza pale taarifa inapokuwa imeshafika mkononi mwa nahodha. Wengi wetu tunaiuliza swali moja tu: leo bahari inaendeka au haiendeki? Utabiri haukuandikwa kujibu swali hilo. Aliyeuandika hajui chombo chako kina urefu gani, umepakia watu wangapi, unapita mlango gani wa mwamba, wala unaupita saa ngapi. Hayo unayajua wewe. Kuyaoanisha na namba za utabiri ni kazi ya nahodha, na mahali pake ni usiku wa kuamkia safari, akili ikiwa imetulia. Asubuhi ufukweni, abiria wameshalipa na wameshavaa majaketi, uamuzi huo huwa mgumu mara kumi.

Namba zinasema nini

Tuchukue tahadhari ya kawaida ya msimu wa kusi. Mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika maeneo machache ya ukanda wa pwani, Mafia, Unguja na Pemba zikiwemo. Nimewasikia watu wakiyapokea maneno "maeneo machache" kama nafuu, kana kwamba wameambiwa si kwao. Yasomwe hivi: ndani ya ukanda wote huo, hali hiyo itajitokeza hapa na pale, na hakuna aliyekuhakikishia kwamba hapo pako hapamo.

Upepo kwanza. Msukumo wake haupandi sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ni maradufu ya ule wa kilomita 20, lakini unalisukuma tanga au ubavu wa boti kwa nguvu mara nne. Juu ya hapo, kasi inayotabiriwa kwa kawaida ni ya wastani, na dharuba moja moja huzidi wastani huo. Utabiri mwingine, hasa wa programu za simu, hutumia noti za baharini. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo zidisha kwa mbili na upunguze kidogo: noti 15 ni karibu kilomita 28.

Namba ya mawimbi ndiyo inayodanganya zaidi wasioifahamu. Mawimbi ya mita 2 katika utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile theluthi ya makubwa. Madogo yatakuwepo kwa wingi, lakini mara mojamoja litakuja wimbi linalokaribia maradufu ya namba hiyo. Anayetoka na boti ya faiba ya mita 7 akiwa amejiandaa kwa mita 2 ajue kwamba katika saa chache za safari anaweza kukutana na la zaidi ya mita 3. Wimbi hilo si ajabu wala mkosi. Limo ndani ya utabiri uleule aliousoma.

Kisha angalia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, kama zimetajwa. Mita moja na nusu kwa sekunde 6 ni bahari fupi yenye vishindo, inayolowesha watu na kumchosha mshika usukani. Mita moja na nusu kwa sekunde 12 ni mawimbi marefu yaliyotoka mbali kusini, na huko nje kwenye kina yanakupandisha na kukushusha taratibu. Lakini yakifika kwenye mwamba au fungu la mchanga yanainuka na kuvunjika kwa nguvu kubwa. Mgeni wa bahari atayaona ya kwanza ndiyo mabaya. Kwa anayepita mlango wa mwamba, ya pili yanaweza kuwa hatari zaidi.

Kuhusu programu za simu nina maneno mawili. Nyingi huchora ramani zao kutokana na hesabu za GFS, mfumo wa utabiri wa Marekani, ambazo hutolewa kwa hatua za takriban kilomita 28. Mafia yenyewe upana wake haufiki hapo. Kwa hiyo rangi nzuri unazoziona zinakueleza upepo wa bahari pana, wala hazioni kwamba nyuma ya kisiwa cha Juani kumetulia au kwamba kwenye mlango wa mwamba upepo unabanwa na kuongezeka. Na saa zinazoandikwa humo ni za kizungu, wakati mwingine za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Penye 09:00 ya hapa kwetu ni saa tatu asubuhi. Kijana akimsomea nahodha "saa tisa upepo unapanda", wakaelewana ni alasiri, wamekosea kwa saa sita.

Mlango wa Kinasi asubuhi ya bamvua

Nimechagua Ghuba ya Chole kwa sababu wengi mliomo humu mnaitumia, na kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo utabiri wa upepo peke yake hauwezi kulionyesha. Ghuba imezungukwa na Mafia yenyewe, Chole, Juani na miamba, na maji mengi ya kujaa na kupwa hupita mlango wa Kinasi. Nyakati za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu huzidi mita 3. Maji yote hayo yanatakiwa yaingie au yatoke kwa takriban saa sita. Kila mmoja wetu aliyepita pale anaujua mkondo wake.

Sasa tupange safari. Ni siku ya bamvua, msimu wa kaskazi. Utabiri unasema upepo wa kilomita 20 kwa saa kutoka kaskazini mashariki, mawimbi mita moja. Hakuna tahadhari. Wageni wanataka kwenda kuzamia nje ya mwamba, na hoteli inaomba chombo kiondoke ufukwe wa Utende saa moja asubuhi.

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa moja asubuhi ni katikati kabisa ya maji kutoka, na mkondo uko kwenye nguvu yake yote. Maji yanakimbia kwenda nje mlangoni, wakati mawimbi ya bahari kuu yanakuja kuingia. Yakikutana, wimbi hufupishwa na kuinuliwa. Ile mita moja ya utabiri, ambayo kwingine ingekuwa bahari ya kawaida, pale inasimama wima na kuvunjika, na nafasi kati ya wimbi na wimbi haitoshi omo ya boti kuinuka kabla la pili halijafika. Utabiri haukukosea. Chombo ndicho kilichopelekwa saa isiyofaa.

Safari hiyohiyo, kwa upepo uleule, tuisogeze mbele. Boti iteremshwe mapema na kutiwa nanga kwenye kina, maana ukiiacha ufukweni Utende maji yatapwa na kuiacha juu ya mchanga. Wageni wapandishwe saa tatu, mlango upitwe kuanzia saa tatu na nusu, mkondo ukiwa umelegea na maji yanaelekea kusimama. Zamia. Kuanzia saa tano maji yanaingia, yanakwenda njia moja na mawimbi, na bahari ya mlangoni inalainika. Kurudi kati ya saa tano na saa nane ni kurudi kwa amani. Ukichelewa kupita saa kumi na nusu, maji yameshajaa na kuanza kutoka tena, mkondo unazidi kadiri jioni inavyosogea, na upepo wa mchana wa kutoka baharini umeshaongezeka juu ya kaskazi. Mlango unaweza kuwa mbaya kama ule wa saa moja asubuhi, na ndiyo saa watu wanayorudi wakiwa wamechoka na mafuta yamepungua.

Saa hizi husogea karibu dakika 50 kila siku, na wiki ya maji mafu mambo yanageuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi, na mkondo ni hafifu. Kwa hiyo siku hizo huyo mgeni wa saa moja unaweza kumkubalia. Ninachoomba ni jedwali la maji kujaa na kupwa liwekwe kando ya utabiri kila jioni, na visomwe pamoja. Wazee wetu walifanya hivyo kwa kuangalia mwezi, na hesabu yao inakubaliana na jedwali.

Hata ukiwa na karatasi zote, kabla ya kuingia Kinasi punguza mwendo ukiwa bado ndani na utazame mlango kwa dakika kumi. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Dakika mbili za utulivu zinaweza kuwa ni nafasi tu kati ya kundi na kundi.

Kusi, mvua na vimbunga

Kusi, hasa Juni hadi Agosti, upande wa mashariki wa Mafia haufai kwa vyombo vidogo siku nyingi, na wazamiaji hubaki ndani ya ghuba. Huo ni utaratibu mzuri na ulindwe. Kwa wanaosafiri mbali zaidi, kumbukeni kwamba mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini. Wakati wa kusi upepo na mkondo hufuatana. Kaskazi inapovuma sana vinapingana, na katika mlango wa bahari wa Pemba na kaskazini mwa Unguja mawimbi huwa mafupi na makali kuliko yanavyotarajiwa kwa upepo uliotabiriwa.

Dhoruba za mvua za masika hazitabiriki kwa mahali na saa. Utabiri utakwambia ngurumo zinatarajiwa. Wingu lenyewe utaliona wewe. Likitanda jeusi na hewa ikapoa ghafla, telemsha tanga au elekea kwenye hifadhi ya karibu wakati huohuo.

Kimbunga ni habari nyingine. Kwa muda mrefu tuliambiana kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, ingawa Lindi ilipigwa mwaka 1952. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Taarifa za TMA zilikuwa zimetangulia kwa siku kadhaa, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Hapa hakuna hesabu ya maji wala ya mlango: taarifa ya kimbunga ikitoka, vyombo vinapandishwa na kufungwa, na hakuna anayetoka kwenda "kuangalia mitego mara moja tu".

Mpaka wa kila chombo

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, na watu wengi walipoteza maisha. Boti ile ilitengenezwa mwaka 1989 na ilikuwa ikibeba abiria huko Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani, kwenye maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Bahari ya Julai kati ya Dar es Salaam na Unguja ni bahari nyingine. Naitaja kwa uchungu na kwa heshima ya marehemu, kwa sababu inatufundisha kwamba upepo uleule unaweza kuwa wa kawaida kwa chombo kimoja na wa mauti kwa kingine.

Kwa hiyo napendekeza kila chombo kiwe na mpaka wake ulioandikwa kwenye kibao na kubandikwa mahali abiria wanapouona. Kwa faiba ya mita 7 yenye mashine moja, mimi naweka kilomita 25 kwa saa na mawimbi ya mita moja na robo nje ya mwamba. Penye mashine mbili na nahodha anayeujua mlango, mpaka unaweza kupanda kidogo. Wenye madau na ngalawa mtaweka yenu, nanyi ndio mnaojua foromali na tanga lenu linavumilia nini. Cha lazima ni kwamba mpaka uandikwe siku ya shwari, na usijadiliwe siku ya upepo. Mgeni mwenye ndege ya jioni, tajiri anayetaka samaki wake wafike soko la Kilindoni, mwenye hoteli aliyeshapokea fedha, wote wana sababu nzuri. Nahodha akiwa peke yake mbele yao, atashindwa. Akionyesha kibao, anayekataa ni kibao. Mpe mgeni safari mbadala: ndani ya ghuba, magofu ya Kua kule Juani, au upande wa Kilindoni kuangalia papa potwe ikiwa ni msimu wake.

Mafuta nayo yafuate utabiri. Kanuni ya theluthi inatosha: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Penye kurudi dhidi ya upepo, akiba hiyo ndiyo itakayokuleta nyumbani.

Mwisho, mtu wa nchi kavu. Kila safari iache karatasi kwa mtu mmoja aliyeko diko: jina la chombo, idadi ya watu, kinakokwenda, mlango kitakaopita, saa ya kurudi, na namba za simu za nahodha na msaidizi wake. Saa ya kurudi ikipita kwa nusu saa, mtu huyo anapiga simu chomboni. Ikipita saa nzima bila jibu, anawaarifu polisi wa majini na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na vyombo vya kwenda kutafuta vinatoka jua likiwa bado juu. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na utabiri wa siku ile, na nahodha akirudi aandike kwa nyuma alikuta upepo gani na bahari gani. Baada ya misimu miwili tutakuwa na daftari la Kinasi ambalo hakuna programu ya simu inayoweza kutupa, na tunaweza kulipeleka TMA likawasaidie kutuandikia utabiri unaoijua ghuba yetu.