Mkono wa Nani Ulimwua Uria?

Somo: 2 Samweli 11 na 12

 

Habari ya Mfalme Daudi na Uria twaijua sana. Siku Uria alipokufa, Daudi hakuwapo vitani. Alikuwa nyumbani mwake Yerusalemu. Hakushika upinde wala upanga. Kama angaliulizwa, angaliweza kuonyesha mikono yake mitupu. Lakini nabii Nathani alipotumwa kwake hakumwuliza alikuwa wapi siku ile. Alimwonyesha kwamba damu ile iko juu yake, kwa kuwa ni yeye aliyeandika barua, na ni yeye aliyeitengeneza njia hata mtu yule akafika mahali pa kufa.

Ndugu zangu, kwa taa ya neno hilo tuitazame leo nchi ya India.

Huko mahari haiendi kama kwetu. Kwetu hutoka upande wa kijana kwenda kwa wazazi wa msichana. Huko jamaa za msichana ndio wanaotoa: fedha, dhahabu, vyombo vya nyumba, hata gari. Na mara nyingi madai hayaishi siku ya arusi. Bibi arusi huambiwa arudi kwao akalete zaidi. Asipoleta, hutukanwa, hunyimwa chakula, hupigwa. Wengine wameuawa. Wengine, mioyo yao ikiwa imevunjika kabisa, wamejiua. Na jamaa za mume walipoulizwa, jibu lilikuwa jepesi: "Sisi hatukumgusa. Alijifanyia mwenyewe."

Mwaka 1979, mjini Delhi, mama mmoja aitwaye Satya Rani Chadha alifiwa na binti yake mja mzito, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja katika ndoa. Kwa mumewe walikuwa wakidai skuta. Mama huyo hakukubali kunyamaza. Alikwenda kortini mwaka baada ya mwaka. Aliungana na wenzake waliofiwa na binti zao, wakaandamana barabarani. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Shahjahan Apa walianzisha Shakti Shalini, mahali pa kuwapokea wanawake wanaoteswa. Mkwe wake alipatikana na hatia ya kumsukuma mkewe kujiua mwaka 2000. Hesabu mwenyewe, ndugu: miaka 21 ya machozi!

Kilio cha akina mama hao kilisikiwa. Sheria ya mwaka 1961 ilikuwa imekwisha kukataza kutoa na kupokea mahari ya namna hiyo, lakini watu waliidharau. Mwaka 1983 ilifanywa kosa la jinai mume au jamaa zake kumtendea mke ukatili, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Na ukatili si kipigo tu. Ni pamoja na mwenendo wa makusudi unaoweza kumfikisha mke kujiua, na kumsumbua ili kwao watoe mali. Tena, mke akijiua kabla ya kutimiza miaka 7 ya ndoa, na ikithibitika kwamba mumewe au jamaa zake walimtesa, korti yaweza kuchukulia kwamba hao ndio waliomsukuma. Mwaka 1986 likaongezwa kosa la kifo cha mahari, ambalo adhabu yake si chini ya miaka 7, na yaweza kuwa kifungo cha maisha. Sheria mpya za nchi hiyo, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, zimeyashika makosa hayo yote.

Mwaona? Korti imejifunza kuuliza swali la Nathani.

Hata hivyo, katika mwaka 2022 polisi wa India waliandika vifo vya mahari zaidi ya 6,000. Sheria hufika kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa. Ni nani awezaye kufika mapema? Ni jirani, ni mzazi, ni mzee wa kanisa.

Labda wasema, "Hayo ni ya India." Ngoja kwanza. Je, hujasikia mume wa huku akimwambia mkewe, "Nilitoa ng'ombe kwa ajili yako"? Hujasikia baba akimwambia binti yake, "Rudi kwa mumeo, ng'ombe zimekwisha kuliwa"? Raheli na Lea walimlalamikia baba yao jambo hilo hilo, kwamba aliwauza kama wageni akala na thamani yao. Soma Mwanzo sura ya 31.

Nami nina la kuungama. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alinijia baada ya ibada. Binti yake alikuwa amekimbilia nyumbani mara mbili, na mwili una alama. Nikamwambia, "Mwambie avumilie, amwombee mumewe." Nilidhani nimetoa shauri la Kikristo. Namshukuru Mungu mama yule hakunisikiliza. Alimfungulia binti yake mlango. Leo binti huyo yu hai, analea watoto wake. Kama angalikufa, barua iliyompeleka huko ingalikuwa na jina langu chini yake.

Basi, mzazi, binti yako akirudi analia, usihesabu ng'ombe kwanza. Mhesabu yeye. Mume, mahari uliyotoa ilikuwa heshima kwa wakwe zako, haikuwa bei ya mtu. Mzee wa kanisa, usifunge kwa maneno ya uvumilivu mlango ambao Mungu ameufungua. Mwambie aliyepigwa aende hospitali na polisi, nawe uende naye.

Na wewe dada unayenisikiliza huku umechoka hata kuishi, tafadhali, usikae peke yako siku ya leo. Mwendee mtu mmoja unayemwamini, umwambie yote. Mungu hajakuchoka, na maisha yako yana thamani kuliko zizi lolote.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe barua tulizoandika kwa ulimi wetu. Utupe masikio ya kusikia kabla ya kaburi, na milango iliyo wazi. Kwa jina la Yesu. Amina.