Redio Haimwoni Mtoto

Mazungumzo kwa walimu na wazazi wa Ruaruke, Wilaya ya Kibiti



Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule ili kuzuia ugonjwa wa Korona. Kidato cha Sita walirejea madarasani tarehe 1 Juni. Wanafunzi wengine walingoja hadi tarehe 29 Juni. Katika muda huo masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vikapatikana kwa intaneti. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kila mpenda elimu hana budi kuuliza: masomo hayo yalimfikia nani?

Katika bonde la Rufiji miezi hiyo ni miezi ya mpunga. Jamaa huhamia shamba, hulala dunguni, na watoto huamia ndege. Redio ikiwapo ni moja, nayo ni ya baba. Betri zikiisha, na somo limekwisha. Televisheni yadai umeme, na intaneti yadai simu ya bei na fedha za kuilisha. Hivyo mtoto mwenye vyombo aliendelea kusoma, na mtoto wa dunguni akabaki na ndege wake.

Shule zilipofunguliwa, mzigo wote ukawa wa mwalimu. Katika chumba kimoja alikuta madarasa mawili: wachache waliofuata vipindi, na wengi ambao hawakusikia hata kimoja. Akianzia pale redio ilipoishia, aliwaacha wengi gizani; akirudi nyuma, wachache walipiga miayo. Nayo mitihani ya Taifa ilikuwa ikikaribia.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuongeza vyombo. Vyombo vyahitajika, lakini havitoshi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Redio hiyo haikuachwa peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chake na kiongozi aliyefunzwa. Watu walisikiliza pamoja, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Siri ya mafanikio ilikuwa ni yule mtu aliyeketi kando ya redio.

Ni kweli kwamba mwaka 2020 ugonjwa ulizuia watu kukusanyika. Lakini Korona si kizuizi pekee. Mwaka 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliwahamisha wananchi wengi wa Rufiji na Kibiti, na maji yatarudi tena. Mafuriko hayamzuii mtu kuketi na watoto kumi chini ya mwembe kwenye mwinuko.

Kwa hiyo matayarisho yafanywe kabla ya masika. Kila kitongoji kiwe na mtu mzima ajuaye kusoma, redio moja, vitabu vichache na orodha ya watoto. Mwalimu aipitie orodha hiyo ili shule itakapofunguliwa ajue nani alisikia, nani hakusikia, na aanzie wapi.

Redio husema na wote, wala haimwoni hata mmoja. Wahenga walinena: kuambizana kupo, kusikilizana hapana. Kazi ya kuhakikisha kwamba mtoto amesikia ilikuwa, na itabaki kuwa, kazi ya binadamu.