Aliye Miguuni pa Mnara: Kiswahili na Kazi ya Kuandika Habari za Sanamu za Hadharani



Mada niliyoichagua yaweza kuonekana ya kando kwa wale waliozoea mihadhara juu ya sintaksia, lahaja au ushairi. Nitazungumzia watu wanaojitolea kuandika habari za sanamu na kazi nyingine za sanaa zilizosimamishwa hadharani, ili habari hizo ziwekwe katika kamusi elezo ya mtandaoni. Nitaanzia Indianapolis, Marekani, ambako kazi hii iliandaliwa kwa utaratibu unaofaa kuchunguzwa. Kisha nitahamia Dar es Salaam, kwa sababu swali linalozuka kule linatuhusu sisi pia. Hoja yangu ni moja: kueleza sanamu ni kazi ya lugha, na lugha isiyoeleza sanamu zilizomo katika miji yake huwaachia wengine kuamua nani aonekane na nani asionekane.

1.0 Kazi yenyewe

Mwaka 1989 ulianzishwa nchini Marekani mpango ulioitwa Save Outdoor Sculpture!, ambao Taasisi ya Smithsonian ilikuwa miongoni mwa waandaaji wake. Watu wa kujitolea wapatao 7,000 walizunguka mijini na vijijini wakiwa na fomu na kamera, wakaandika habari za sanamu zaidi ya 30,000 zilizo nje ya majengo. Kazi ilikuwa kubwa, lakini fomu ikishajazwa hubaki kama ilivyo. Sanamu huhamishwa, hupata kutu, hupakwa rangi, na pengine huibwa. Fomu haina habari.

Mwaka 2009, katika chuo kikuu kilichojulikana wakati huo kwa kifupi kama IUPUI, mjini Indianapolis, mhifadhi wa kazi za sanaa Richard McCoy na mhadhiri Jennifer Geigel Mikulay waliwaongoza wanafunzi wa somo la makumbusho kufanya kazi ya namna hiyo kwa njia nyingine. Wanafunzi waligawana kazi za sanaa zilizokuwa katika viwanja vya chuo, wakazichunguza, kisha wakaandika makala za Wikipedia. Mwaka 2010 kazi ikaendelea katika jengo la serikali ya Jimbo la Indiana. Mradi huo uliitwa Wikipedia Saves Public Art. Tofauti yake na mpango wa awali ilikuwa kwamba mtu yeyote apitaye karibu na sanamu angeweza kusoma habari zake, kuzisahihisha na kuziongezea.

Makala ya namna hii ina mpangilio wake. Hutanguliza jina la kazi, msanii, mwaka, malighafi, vipimo na mahali ilipo. Hufuata maelezo ya kile kinachoonekana, kisha maandishi yaliyochongwa au kubandikwa, kisha historia, na mwisho hali ya kazi hiyo: ina nyufa, imechakaa, imesafishwa? Kanuni za kamusi elezo hiyo zinataka kila dai liweze kuthibitishwa kwa chapisho linaloaminika, mwandishi asitangaze utafiti wake mwenyewe, na lugha isiegemee upande.

Iko sababu nyingine inayoyapa maneno uzito katika kazi hii. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haimruhusu kila mtu kuchapisha kwa uhuru picha ya sanamu ambayo bado inalindwa, hata kama inasimama njia panda. Uingereza na Ujerumani zinaruhusu, ikiwa sanamu imewekwa hadharani kwa kudumu. Kwa hiyo makala nyingi za Marekani juu ya sanamu za kisasa hazina picha zilizo huru kwa matumizi ya wote, na maneno peke yake hubeba mzigo ambao kwingineko ungebebwa na kamera.

2.0 Aliye miguuni

Katikati ya mji wa Indianapolis umesimama mnara wa mawe ya chokaa uliozinduliwa mwaka 1902 kwa kumbukumbu ya askari na mabaharia wa Indiana. Urefu wake ni mita 87 hivi. Msanifu wake alikuwa Mjerumani, Bruno Schmitz, na sanamu zake nyingi ni kazi ya Rudolf Schwarz. Katika kundi la sanamu linaloitwa Amani, chini kabisa, ameketi mtu mweusi aliyeinua mnyororo kuelekea kwa umbo la mwanamke lililo juu yake. Hana jina.

Tujiulize: mwanafunzi anayeandika makala kwa Kiswahili atamwelezaje mtu huyu? Akiandika *mtumwa aliyekombolewa*, amekwisha kusema kwamba yupo mkombozi, na macho ya msomaji yatapanda juu kumtafuta. Akiandika *mtumwa aliyejikomboa*, ametoa dai jingine, ambalo lina msingi katika historia, maana watu weusi wapatao 180,000 walipigana katika jeshi la Muungano wakati wa vita vile. Lakini mchongaji hakulichonga. Akiandika *mnyororo uliokatwa*, amemwashiria mkataji. Akiandika *mnyororo uliokatika*, ameeleza hali ya mnyororo bila kumtaja mtendaji.

Wanaisimu mliopo hapa mnaona ninakoelekea. Kauli ya kutendeka, ambayo tumeizoea katika majedwali ya vitabu vya sarufi, inampa mwandishi wa maelezo njia ya kusema kile tu ambacho jiwe lenyewe linaonyesha. Kiingereza hutumia neno moja kwa mnyororo uliovunjwa na uliovunjika. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Hiyo ni faida, mradi tujue kwamba tunachagua.

Mtu huyo wa chini alizua mjadala mkubwa. Msanii Fred Wilson, ambaye ni Mmarekani mweusi, alipendekeza kazi aliyoiita E Pluribus Unum. Alikusudia kulinakili umbo la mtu huyo, kuligeuza mkao na kumpa bendera ya watu wenye asili ya Afrika badala ya mnyororo. Baadhi ya wakazi weusi wa mji walipinga, wakisema kwamba hawahitaji sanamu nyingine yenye asili ya utumwa. Mwezi Desemba 2011 mpango ukafutwa. Sichukui upande katika mjadala huo. Ninachosema ni kwamba haukuwezekana mpaka mtu aliposhusha macho kutoka kileleni, akamtazama aliye chini na kumweleza kwa maneno.

3.0 Sanamu mbili za Dar es Salaam

Dar es Salaam nayo imewahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyouzima upinzani wa watu wa pwani chini ya Abushiri, na baadaye akawa gavana. Wissmann amesimama juu. Chini yake yupo askari Mwafrika anayemtazama, akiilaza bendera ya Ujerumani juu ya simba. Baada ya kuuteka mji Waingereza waliiondoa sanamu hiyo na kuipeleka London. Ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968.

Hapa kauli ile ile niliyoisifu inageuka kuwa mtego. Mtu akiandika kwamba sanamu ya Wissmann *ilianguka* mwaka 1968, sentensi yake haina kosa la sarufi, lakini imewaficha watendaji. Katika maelezo ya umbo, kutomtaja mtendaji ni uaminifu. Katika historia ya tukio linalojulikana, ni uficho. Mwandishi wa kujitolea anahitaji kuijua tofauti hiyo, na hakuna mashine itakayomfunza. Atafunzwa na mwalimu wa lugha.

Mwaka 1927 Waingereza walizindua Dar es Salaam Sanamu ya Askari, ambayo ingali ipo katika Barabara ya Samora. Mara hii askari yuko peke yake juu ya kitako, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Aliyeibuni ni James Alexander Stevenson. Maandishi yake, ambayo inasemwa yalitungwa na Rudyard Kipling, yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa hati ya Kilatini na ya Kiarabu. Yanawataja wanajeshi Waafrika, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo imeandikwa juu ya mnara usio na jina la marehemu hata mmoja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na pengine idadi hiyo ilifika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Makala inayoeleza sanamu hii ikaishia kwenye shaba, singe na jina la Stevenson itakuwa imesema kweli, lakini itakuwa imeurudia ukimya ule ule. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Wapagazi hao, hata hivyo, wanayo kumbukumbu nyingine, nayo imo ndani ya lugha. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walilichukua jina hilo wakalitamka kwa kinywa chao, na leo kila mtu anakwenda sokoni Kariakoo, kama ambavyo Nairobi wanakwenda Kariokor. Makala ya Kiswahili juu ya Sanamu ya Askari inaweza kumwonyesha msomaji uhusiano huo kwa sentensi moja, na msomaji akaukuta katika neno ambalo amelitumia tangu utotoni.

4.0 Suala la msamiati

Wengine watauliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Yapo, ila tumeyatumia kwa ulegevu. *Sanamu* ni umbo la mtu au mnyama, lakini pia ni picha na kinyago cha duka. *Mnara* ni wa msikiti, wa simu na wa kumbukumbu. *Shaba* hubeba madini na mchanganyiko wa madini zaidi ya mmoja. Baadhi ya waandishi husema *shaba nyeusi* kwa mchanganyiko unaotengenezewa sanamu, wengine husema *bronzi*.

Tatizo huonekana zaidi katika vitenzi. Tumezoea kumwita kila mtengeneza sanamu *mchongaji*. Mmakonde anayetoa umbo ndani ya mpingo anachonga kweli, na Schwarz ni mchongaji. Lakini Askari wa Dar es Salaam hakuchongwa. Sanamu ya namna hiyo hufinyangwa kwanza kwa udongo au kitu kingine laini, kisha hutengenezewa kalibu, kisha madini yaliyoyeyushwa humiminwa ndani yake. Kitenzi cha kazi hiyo tunacho tangu zamani: *kusubu*. Mafundi wetu wa vyombo vya shaba walikijua. Kuandika kwamba Askari *alisubiwa* London ni kueleza kwa usahihi jinsi alivyotengenezwa; kuandika kwamba alichongwa ni kumpoteza msomaji. Neno la kale linapata kazi mpya bila ya kuundiwa kamati.

5.0 Suala la ushahidi

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Anayetaka kuandika humo juu ya sanamu ya mji wake hukutana na kanuni ya ushahidi: chapisho liko wapi? Juu ya Wissmann atapata machapisho mengi ya Kijerumani. Juu ya maana ambayo wakazi wameipa sanamu hiyo au nyingine, mara nyingi atapata wazee tu. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi uliofanyika India na Afrika ya Kusini, wa kurekodi masimulizi ya watu ili yatumike kama marejeo ya makala. Mradi huo uliuweka swali mezani, lakini haukuibadilisha kanuni.

Mimi sidai kanuni ivunjwe. Bila kanuni hiyo kila mwenye chuki na sanamu ataiandikia historia. Ninadai kwamba upungufu ni wetu wa kuuziba. Kanuni inataka chapisho. Chuo kikuu ndicho chenye uwezo wa kuchapisha. Mzee anayejua jina ambalo wakazi waliipa sanamu fulani akihojiwa na mwanafunzi, na mahojiano hayo yakahaririwa na kuchapishwa katika jarida letu, maneno yake yamekuwa marejeo.

6.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wapewe zoezi la kueleza kazi moja ya sanaa iliyo hadharani katika mji wao, kwa kufuata mpangilio niliouonyesha, na wasahihishwe kauli za vitenzi kwa ukali ule ule wanaosahihishiwa tahajia. Pili, maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika minara yetu yanakiliwe na kuchapishwa kwa hati zake zote kabla jua na mvua havijayafuta. Tatu, maelezo yoyote ya mnara yasikamilishwe mpaka mwandishi ameandika nani yuko chini, nani ametajwa bila jina, na nani hakutajwa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wanaoweza kusimama mbele ya sanamu, kuitazama kuanzia kitako hadi kilele, na kuandika kwa Kiswahili sahihi kile walichokiona.