KUSHINDWA KUSEMA SI KUPOTEZA AKILI



Juzi kwenye foleni ya mgawo baba mmoja wa mtaa wetu aliulizwa jina. Akafungua mdomo, likatoka neno moja tu: "maji, maji". Watu wakacheka. Huyu akasema amelewa, yule akasema amerogwa. Karani akamwambia akae pembeni, akakaa mpaka jua likawa kali. Mimi nilijua kwamba alipata kiharusi na mkono wake wa kulia ukalegea. Nikampa kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake polepole. Herufi zilipinda, lakini jina lilikuwa sawa na lile la kwenye kadi.

Mtaniuliza, inawezekanaje? Ubongo una sehemu nyingi, na kwa watu wengi kazi ya lugha iko upande wa kushoto. Kiharusi, risasi au pigo la rungu (hapa wapo waliopigwa, hamhitaji kusimuliwa) huweza kuharibu sehemu moja na kuiacha ya jirani nzima. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Dejerine alieleza habari za mtu aliyesema vizuri na kuandika vizuri, ila hakuweza kusoma alichoandika mwenyewe! Mwaka 2015 huko Marekani, Brenda Rapp na wenzake walieleza habari za wagonjwa watano wa kiharusi. Wanne walisema sentensi bila taabu kubwa, lakini wakiiandika walikosea miisho ya maneno. Wa tano alikuwa kinyume: alikosea akisema, akiandika alipatia.

Lakini kalamu si dawa ya kila mtu. Wengi hushindwa yote mawili, na wengine hawakusoma shule. Basi mwonyesheni vitu, aelekeze kwa kidole. Semeni naye taratibu, swali moja moja, na msimmalizie maneno. Tena angalieni: anaweza kujibu "ndiyo" akitaka kusema "hapana". Mwulizeni mara ya pili.

Mtu akipotewa na maneno ghafla, au mdomo ukaenda upande, mpelekeni zahanati saa ile ile, hata usiku. Msimpe chakula wala maji, asije akapaliwa.

Wenye mgonjwa wa namna hii nyumbani waje waniambie kabla ya siku ya mgawo, ili tumsindikize hadi kwa karani.