Mwizi Anatoka Wapi?

Masomo: Mwanzo 4:1-16, Kumbukumbu la Torati 21:1-9, Waefeso 4:28

 

Leo tunasema juu ya jambo ambalo kila kartie inalijua. Usiku filimbi zinalia, watu wanapiga sufuria, sauti zinapanda: "Mwizi! Mwizi!" Asubuhi tunasikia kwamba duka limevunjwa, ama motari amenyang'anywa pikipiki, ama kijana ameshikwa na kuchomwa kwa tairi, bila tribinali kusikia neno lake. Tarehe 27 Januari 2025, vita ilipoingia mjini, maelfu ya wafungwa walitoroka gereza la Munzenze, nao wanawake wengi waliokuwa wamefungwa mle walitendewa mabaya na kufia motoni. Tangu siku ile hofu imezidi, na watu wanaulizana: wezi hawa wanatoka wapi?

Jibu la swali hili si maneno tu. Lile tunaloamini juu ya mwizi ndilo linaamua mikono yetu itamfanyia nini.

Watu wa elimu wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akifundisha kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu. Alipima mafuvu, taya na masikio ya wafungwa, akisema uovu unaonekana katika sura. Mwaka 1913 daktari wa gereza huko Uingereza, Charles Goring, alitoa vipimo vya wafungwa kama 3000, akawalinganisha na watu wasio wafungwa. Ile sura ya mhalifu hakuiona. Fundisho la Lombroso likaanguka katika vitabu, lakini halijaanguka katika mioyo ya watu. Hapa kwetu tunajua hatari ya kumsoma mtu kwa pua yake, urefu wake ama lugha ya mama yake. Watu wamekufa kwa hukumu ya namna hiyo. Hata nabii Samweli alipovutwa na kimo cha Eliabu, Mungu alimzuia.

Wengine waliacha kupima vichwa, wakapima mitaa. Clifford Shaw na Henry McKay waliweka alama kwenye ramani ya mji wa Chicago, mahali walipokaa vijana waliofikishwa tribinali ya watoto. Katika kitabu chao cha mwaka 1942 walionyesha kwamba mitaa ileile iliendelea kuwa na makosa mengi, hata wakaaji wa taifa moja walipohama na wa taifa lingine kuingia. Basi shida haikuwa damu ya watu fulani. Ilikuwa mahali ambapo umaskini ni mwingi, watu wanahama kila mara, na jirani hamjui jirani.

Wapendwa, Goma tunaelewa neno hili. Nyiragongo imetutoa nyumbani mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Vita imewaleta mjini ndugu wa Masisi na Rutshuru. Kijana anafika hapa hana shamba, hana shule, hana mzee anayeweza kumwita kwa jina la baba yake. Wa kwanza kumpa chakula na mahali pa kulala ndiye atakayemfundisha. Edwin Sutherland wa Marekani alisema hivyo: uhalifu unafundishwa, na walimu wake ni watu wa karibu.

Lakini tusiseme kwamba maskini ndiye mwizi. Mwaka 1949 Sutherland huyo alitoa kitabu juu ya makosa ya makampuni makubwa na watu wenye heshima. Anayekula mshahara wa askari ama wa mwalimu akiwa ofisini amevaa tai, naye ni mwizi, ingawa hakuna anayempigia filimbi. Na wamama wengi wa soko la Virunga wanalala na njaa bila kugusa mali ya mtu.

Mwaka 1969 Travis Hirschi aliligeuza swali: kwa nini watu wengi hawaibi? Akajibu kwamba wamefungwa kwa kamba: wanao watu wanaowapenda, wanalo tumaini wanaloogopa kulipoteza, wanayo shughuli ya kila siku, na wanaamini kwamba sheria ni ya haki. Kamba zikikatika, mtu anabaki peke yake.

Wako watakaouliza: je, shetani hayuko? Yuko. Lakini Mungu alimwonya Kaini kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye ilimpasa kuishinda. Kwa hiyo Kaini aliwajibika mwenyewe. Pepo si kisingizio cha mwizi, tena pepo si sababu ya kumfukuza mtoto. Mtoto akiitwa mchawi na kutupwa nje, anakuwa maibobo, kisha barabara inamfundisha wizi, na watu wanasema: "Tulijua." Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 inawalinda watoto, na inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi.

Sasa tusome Kumbukumbu la Torati 21. Mtu ameonekana ameuawa shambani, na muuaji hajulikani. Mungu hakuwaagiza wazee watafute kabila la kulaumu. Waliagizwa wapime njia kutoka kwenye maiti mpaka miji ya kando kando. Wazee wa mji ulio karibu ndio waliosimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu ile. Hawakuwa wameua, lakini ilitokea karibu nao. Basi na sisi tupime. Kutoka mahali kijana alipochomwa mpaka mlango wa kanisa ni hatua ngapi?

Tena tukumbuke alama ya Kaini. Mungu alimhukumu, wala hakuficha kosa lake. Lakini alimwekea alama ili mtu yeyote asimwue. Kwa hiyo, mwizi akishikwa, apelekwe kwa wanaohusika akiwa hai, na aliyeibiwa asaidiwe, maana naye ana machozi yake. Mkristo asibebe tairi. Asisimame kutazama.

Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso juu ya mwizi hakuishia kusema aache. Alimwagiza afanye kazi kwa mikono yake, mpaka awe na kitu cha kumpa mhitaji. Mikono hiyo inahitaji mtu wa kuifundisha. Katika makanisa yetu wamo washonaji, maseremala, mafundi wa pikipiki na wamama wanaotengeneza sabuni. Kila fundi achukue kijana mmoja. Kila seli ya maombi iwajue kwa majina watoto wa avenyu yake, hata wale wasioimba katika korali.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemkaribisha mwizi msalabani, utulinde usiku na wenye silaha, uwafariji walioibiwa na waliofiwa, na uzuie mikono yetu isimwage damu. Utupe macho ya kumwona kijana kabla barabara haijamchukua. Katika jina la Yesu. Amina.